Kurekodi seti za DJ kwa vifaa vidogo vya bei nafuu: anzia kwenye tundu la miksa

Kabla hujapanda daladala kwenda Kariakoo, toa simu upige picha mgongo wa mashine unayopigia muziki. Nasema mgongo, kule nyuma kwenye matundu ya waya. Picha hiyo ndiyo itakayoamua ununue nini, na itakuokolea hela kuliko ushauri wa muuzaji yeyote. Vijana wanaoniuliza, "Kaka, ninunue kinasa gani?" mara nyingi wameshapenda kifaa walichokiona kwenye video. Nami huwauliza: sauti utaichukulia wapi? Wengi hawana jibu, na hapo ndipo hela inapopotelea. Anayelijua tundu lake hununua waya wa elfu chache na kinasa cha kawaida, akapata rekodi safi. Asiyelijua hununua kinasa cha laki sita, akakiweka mezani mbele ya spika, akarudi nyumbani na ngurumo ya besi na mayowe ya mtu aliyekuwa amesimama karibu.

Mwongozo huu ni wa DJ, au rafiki wa DJ, anayetaka kunasa kazi yenyewe inavyopigwa: harusini, kwenye send-off, baa, kwenye kigodoro cha mtaani. Nimeuandika nikiwa na Dar es Salaam kichwani, na Dar ina mambo mawili ambayo miongozo ya ng'ambo huyapita haraka: MC anayeshika maiki usiku kucha, na umeme unaoweza kukatika katikati ya wimbo. Ukipiga singeli unanielewa. Midundo inapita 200 kwa dakika, MC anachana papo kwa papo, anataja majina ya waliopo, na kesho yake hata mwenyewe hawezi kuyarudia. Usipoinasa, imekwenda.

Hatua ya 1: Yasome matundu

Kontrola ndogo, yaani mashine za DJ zinazochomekwa kwenye kompyuta, kama Pioneer DDJ-400 au DDJ-FLX4, zina jozi moja tu ya matundu ya RCA, jekundu na jeupe, yaliyoandikwa MASTER. Tundu la kurekodia halipo. Sauti yote inatokea hapo kwenda kwenye spika, kwa hiyo ama utaigawa kwa waya, ama utarekodi ndani ya kompyuta.

Miksa ya klabu kama DJM-900NXS2 ni habari nyingine. Ina MASTER 1 ya XLR, yaani pini tatu kama za waya wa maiki. Ina MASTER 2 ya RCA, ina BOOTH, na ina tundu lililowekwa kwa kazi hii hii, REC OUT. Hilo ndilo lako. Uzuri wake ni kwamba kitasa cha MASTER, kile unachozungusha kupandisha na kushusha sauti, hakiligusi. Meneja wa ukumbi akija kusema majirani wanalalamika, DJ akashusha sauti, rekodi yako inabaki palepale ilipokuwa. Ukichukua kwenye MASTER, kila mkono utakaokigusa kitasa kile utasikika kwenye rekodi.

REC OUT isipokuwepo, tafuta BOOTH. Hili ni tundu la spika ya kumsikilizisha DJ mwenyewe, na lina kitasa chake. Kama DJ hana spika hiyo usiku huo, umepata tundu lenye kitasa cha peke yako: kishushe hadi kinasa kiridhike, kisha bandika utepe mtu asikiguse. Tundu la hedifoni liwe la mwisho kabisa, maana kila wimbo ambao DJ anaujaribu sikioni nao utaingia.

Sasa MC. Maiki yake imechomekwa wapi? Kama iko kwenye miksa ya DJ, mara nyingi REC OUT itampata, ila mjaribu kabla ya kuamini. Kama iko kwenye miksa ya fundi mitambo, na kwenye shughuli zetu ndivyo inavyokuwa mara nyingi, REC OUT ya DJ itakupa muziki mtupu. Utasikia wimbo unakatwa ghafla, kimya, unarudi, na hutajua kwa nini, maana aliyekuwa akiongea pale hayumo. Shughuli ya namna hiyo chukua sauti kwa fundi mitambo. Miksa nyingi ndogo na za kati, za Yamaha na za Behringer zikiwemo, zina jozi ya RCA iliyoandikwa REC OUT au TAPE OUT, na kwa kawaida hakuna anayeitumia.

Fundi mitambo lakini haendewi kwa kukurupuka. Vyombo vile ndivyo vinavyomlisha, na spika ikiungua analipa yeye. Fika mapema wakati bado anafunga spika, msalimie, mpe mkono hata wa kukunjua waya, halafu sema: "Fundi, samahani, naomba nichomeke kinasa changu kwenye REC OUT kabla hujawasha. Waya ninao." Neno la mwisho ndilo linalofungua mlango, kwa sababu ameshaazima waya nyingi ambazo hakuziona tena. Ukimwendea saa tano usiku ukumbi umechemka, atakataa, na ana haki.

Hatua ya 2: Angalia kama kinasa unacho tayari

Pioneer XDJ-RX2 na XDJ-RX3 zinarekodi zenyewe, faili la WAV (sauti isiyobanwa) kwenye flashi ya pili. Serato DJ Pro, VirtualDJ na rekordbox zina kitufe cha kurekodi ndani ya programu. Kama unafanya mazoezi chumbani na unataka kujisikiliza, ishia hapa. Usinunue kitu. Jisikilize kwa mwezi mmoja kwanza.

Kasoro za njia hii huonekana kwenye shughuli. Kwenye kontrola nyingi za bei nafuu, maiki haipiti kwenye kompyuta, inakwenda moja kwa moja kwenye MASTER, kwa hiyo programu itanasa nyimbo bila MC. Serato na rekordbox pia hukataa kurekodi ukiwa unapiga nyimbo za kutiririsha kutoka kwenye intaneti. Na umeme ukikatika, XDJ inazimika palepale, na faili ambalo halijafungwa linaweza kupotea lote. Saa nne za kazi zinayeyuka kwa sababu ya sekunde moja. Ndiyo maana kwa shughuli yoyote ya nje ya chumba chako napendekeza kifaa cha pembeni, kidogo, kinachotumia betri zake na kisichotegemea mtu yeyote pale ukumbini.

Hatua ya 3: Chagua njia yako

Njia ya bei ya chini kabisa ni simu na kadi ya sauti ya nje. Usidanganyike kuchomeka waya wa miksa moja kwa moja kwenye tundu la hedifoni la simu. Tundu lile linapokea maiki moja tu, ya mono, na linategemea sauti dhaifu sana. Sauti ya miksa ikiingia pale inapasuka vibaya. Unachohitaji ni kijisanduku kama Behringer UCA202 au UCA222: kina RCA mbili za kuingizia, kinaingia kwenye USB, kinarekodi kwa ubora wa biti 16 hadi kilohezi 48, na kwa kazi hii inatosha. Kwenye Android utahitaji adapta ya OTG, inayoiwezesha simu kupokea kifaa cha USB, na programu ya kurekodi inayotambua kadi ya nje, kama USB Audio Recorder Pro. IK Multimedia nao wana iRig Stream, yenye RCA za kuingizia, iliyotengenezwa kwa ajili ya simu hasa.

UCA202 haina kitasa cha kupunguza sauti inayoingia. Ikizidi, utaipunguza kule inakotoka au hutaipunguza kabisa, na hapo ndipo kitasa cha BOOTH kinapokuwa na thamani. Jingine ni kwamba simu ndiyo inayokilisha kijisanduku umeme, na mara nyingi tundu la kuchajia ndilo hilohilo ulilochomeka. Simu yenye betri iliyochoka haitavuka usiku. Na usitumie simu yako ya kila siku. Hata ukiiweka hali ya ndege, utakumbuka kwamba kuna mtu alikuwa akutumie hela, utaifungua, na simu itaingia katikati ya seti. Kama nyumbani kuna simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka lakini betri nzima, hiyo ndiyo ya kazi hii.

Njia ninayowashauri walio wengi ni kinasa kidogo cha mkononi: Zoom H1n, Zoom H1essential, Tascam DR-05X. Vyote vinaenea kiganjani, vinatumia betri ndogo mbili za kawaida, vina maiki zake za stereo na tundu la milimita 3.5 la kuingizia sauti ya nje. Bei ya ng'ambo inazunguka dola 100, kwa hiyo hapa nyumbani uwe tayari kwa laki mbili na nusu na kupanda, ukiweka usafiri na ushuru. Vilivyotumika hupatikana kwa chini ya hapo. Ukikuta cha mtumba, nenda na betri zako, memori kadi yako na hedifoni zako, urekodi dakika mbili ukitikisa jeki taratibu. Tundu lililolegea litakwaruza. Likikwaruza liache, hata kama mwenye nacho anapunguza bei.

H1essential, iliyotoka 2024, inarekodi kwa mfumo wa biti 32 unaoandikwa 32-bit float. Maana yake kwa lugha ya kazi: hupangi kiwango cha kurekodi, na sauti iliyopanda au kushuka unaweza kuirekebisha baadaye bila kupasuka. Kwa anayepiga muziki na kurekodi kwa wakati mmoja, bila mtu wa kumwangalizia taa, ni msaada mkubwa. Ila usiipe sifa isizo nazo. DJ akiendesha miksa yake kwenye nyekundu usiku mzima, sauti imeshapasuka ndani ya miksa kabla haijafika kwako, na hakuna biti itakayoirudisha. Hata tundu dogo la kuingizia lina mwisho wake, miksa ikisukuma kwa nguvu kupita kiasi.

Juu ya hapo kuna vinasa vyenye matundu makubwa ya XLR na jeki nene, kama Tascam DR-40X na Zoom H4essential. Bei ni kama mara mbili ya vile vidogo. Nunua kama unarekodi kila wiki na unalipwa, au kama kumbi zako zinakupa XLR peke yake. DR-40X ina jambo moja ninalolipenda sana: inaweza kuandika mafaili mawili kwa pamoja, la pili likiwa na sauti ya chini zaidi. La kwanza likipasuka pale DJ alipopandwa na mzuka, la pili liko salama.

Hatua ya 4: Waya, na hapa usiwe na haraka

Rekodi nyingi nilizosikia zimeharibika, ziliharibiwa na waya wa elfu tatu.

Ushike waya wenye jeki ndogo uuangalie kwa karibu. Kwenye kile chuma kuna vipete vyeusi vinavyokizunguka. Kipete kimoja: huo ni mono, utakupa upande mmoja tu, au pande mbili zilizogandamizwa pamoja. Viwili: stereo, ndio unaoutaka. Vitatu: wa simu yenye maiki, na kwenye kinasa unaweza kukupa upande mmoja au mikwaruzo. Dukani waya zote tatu zinaning'inia msumari mmoja na bei ni moja. Muuzaji atakwambia "zote sawa tu bosi." Hesabu vipete mwenyewe.

Kwa walio wengi waya sahihi ni RCA mbili upande mmoja, jeki ndogo ya vipete viwili upande wa pili, urefu wa mita moja na nusu hadi mbili. Nunua miwili. Wa pili ukae kwenye begi bila kuguswa hadi siku wa kwanza utakapokufa, na utakufa usiku wa shughuli.

Kama mashine ina jozi moja tu ya MASTER, tumia vigawanyio vya RCA viwili, kimoja cha nyekundu na kimoja cha nyeupe. Upande mmoja unakwenda kwenye spika, mwingine kwenye kinasa. Kugawa sauti moja kwenda sehemu mbili hakuna shida. Kinyume chake hakifai: usichukue matundu mawili yanayotoa sauti, la DJ na la MC kwa mfano, ukayaunganisha kwa kigawanyio hichohicho yaingie kinasani. Mashine mbili zitasukumana, sauti itadhoofika na kupasuka, na unaweza kuharibu kifaa cha mtu. Kuchanganya sauti ni kazi ya miksa.

Sasa kosa langu mwenyewe, nililipie wewe usilipe. Niliwahi kurekodi harusi nzima Mbagala kwa waya wa XLR unaoishia na jeki ndogo ya vipete viwili. Kwenye kinasa taa zilicheza pande zote mbili, nikaridhika. Kwenye hedifoni niliona sauti imekaa vibaya, kama iko nje ya kichwa, nikadhani ni ukumbi. Asubuhi bwana harusi akaicheza kwenye simu yake ndogo yenye spika moja. Kimya. Ninachosikia ni kunong'ona kwa mbali, kama redio ya jirani wa nyumba ya tatu.

Sababu ni hii. Waya wa XLR unabeba sauti ileile mara mbili, moja ikiwa imesimama na nyingine imepinduliwa, ili mashine inayopokea iweze kuondoa mikwaruzo ya njiani. Jeki ya stereo haielewi hivyo. Inaipeleka iliyosimama kushoto na iliyopinduliwa kulia. Ukisikiliza pande mbili, zipo. Simu ikizijumlisha ziwe moja, zinafutana. Niliokoa kazi kwa kuifungua kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, nikafuta upande wa kulia na kubaki na wa kushoto, ikawa mono inayosikika vizuri. Tangu siku hiyo kila jaribio langu la kwanza nalichezea kwenye spika moja ya simu kabla sijaondoka kwenye miksa. Kama ukumbi una XLR peke yake, tafuta adapta inayochukua XLR mbili, kushoto na kulia, na kutoa RCA mbili, au tumia kinasa chenye matundu ya XLR.

Mvumo wa chini usioisha, ule wa "mmmm" unaosikika hata muziki ukiwa kimya, ni umeme wa hezi 50 uliopata njia ya kuzunguka kati ya vifaa vilivyochomekwa ukutani sehemu tofauti. Chomoa chaja ya kinasa, tumia betri. Kama ni laptopu, jaribu kuitoa kwenye chaja dakika moja uone. Mara nyingi mvumo unakata hapohapo, na hii ni sababu nyingine ya kupenda kifaa cha betri.

Hatua ya 5: Memori kadi na betri

Hesabu ya nafasi ni rahisi. WAV ya biti 16 na kilohezi 44.1 inakula kama megabaiti 635 kwa saa. Biti 24 na kilohezi 48 inapita gigabaiti 1 kidogo. 32-bit float kwa kilohezi 48 ni kama gigabaiti 1.4. Shughuli ya saa mbili usiku hadi saa kumi alfajiri, kwa biti 24, ni kama gigabaiti 8 na kidogo. Kadi ya gigabaiti 32 inatosha na kubaki, na ndiyo kubwa kuliko zote inayokubalika na H1n, kwa hiyo usijisumbue na kubwa zaidi. MP3 ya kilobiti 320 ni megabaiti 144 tu kwa saa, lakini rekodi WAV, utaigeuza MP3 baadaye.

Kadi bandia zipo tele. Imeandikwa 128 juu, ndani ni 8, na ikijaa inaendelea kujifanya inaandika huku inafuta. Ijaribu nyumbani kwa programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Mac na Linux, kabla ya kuipeleka kazini. Kisha isafishe ndani ya kinasa chenyewe, kwa amri ya FORMAT, na si kwenye kompyuta. Usishangae ukikuta faili limekatwa vipande kila gigabaiti 2 au 4. Ni kawaida ya WAV, unaviunganisha kwa mpangilio wake.

Betri: mpya kila shughuli, au za kuchaji za NiMH zilizojaa. Ukitumia za kuchaji, ingia kwenye menyu ukiambie kinasa kwamba ni NiMH, maana volti zake ni 1.2 na za kawaida ni 1.5, usipofanya hivyo, kipimo cha betri kitakudanganya. Pawabenki nayo ina ujanja wake. Nyingi zikiona kifaa kinakunywa umeme kidogo sana hudhani simu imejaa, zinajizima. Kinasa kidogo kinakunywa kidogo sana. Ijaribu nyumbani saa mbili nzima, na hata ikifaulu, acha betri ndani ya kinasa.

Hatua ya 6: Panga kinasa ukiwa nyumbani

Menyu hizi ni ndogo na ukumbini kuna giza, kwa hiyo zimalize mchana.

Chagua WAV, biti 24, kilohezi 48. Zima LO CUT, kwa sababu inakata besi ili kupunguza upepo kwenye maiki, na wewe besi unaihitaji. Zima AUTO LEVEL: hii hupandisha sauti kila muziki unapotulia na kuishusha besi inapoingia, mpaka seti nzima inapumua kama mgonjwa. Zima PLUG-IN POWER, ambayo ni umeme mdogo wa kulisha maiki ya nje na haifai kurudishwa kwenye miksa ya mtu.

Kama kinasa chako si cha 32-bit float, kiwango kipange ukumbini, DJ akipiga wimbo wake wenye nguvu kuliko zote, si ule wa kufungulia. Vilele vicheze karibu na desibeli -12. Utaona ni chini, utatamani kupandisha. Usipandishe. Usiku unavyochanganya DJ atapanda, MC atapayuka, na ile nafasi itajazwa. Kwa biti 24 hupotezi chochote kwa kurekodi chini kiasi hicho. Utapandisha nyumbani kwa dakika moja. Kama hata ukishusha kabisa sauti bado inapasuka, tatizo liko mlangoni: miksa inasukuma kuliko tundu dogo linavyoweza kupokea. Shusha kule inakotoka, kwa kitasa cha BOOTH au kwa kumwomba fundi.

Hatua ya 7: Usiku wenyewe

Bonyeza REC dakika tano kabla DJ hajaanza, na uhakikishe namba za muda zinatembea. Baadhi ya vinasa, ukibonyeza mara moja vinasubiri tu, mpaka ubonyeze tena, na taa inayowaka-waka ndiyo alama ya kusubiri. Kisha sukuma HOLD ili vitufe vifungwe. Weka kinasa mbali na spika za besi, mbali na vinywaji, mbali na simu zinazoita, na waya ufunge kwa utepe kwenye mguu wa meza. Mtu atapita pale akicheza.

Kila baada ya saa moja sikiliza nusu dakika kwa hedifoni. Kuziangalia taa hakutoshi, mimi mwenyewe taa zilinidanganya Mbagala. Umeme ukikatika, usiguse kitu. Kinasa kinaendelea kurekodi kimya hicho, na jenereta likiwaka utakuta kila kitu kimo. Kabla ya kuchomoa chochote mwishoni, fungua HOLD, bonyeza STOP, subiri iandike, ndipo uzime.

Rekodi ya waya ina upungufu mmoja: haina watu. Muziki ni safi lakini umekauka, husikii ukumbi ukilipuka pale wimbo unaporudi. Kama una kinasa kimoja tu, bakia na waya. Ukiwa na kifaa cha pili, hata simu, kiweke upande wa watu, juu kidogo, mita kadhaa kutoka kwenye spika yoyote, kirekodi kwa maiki yake. Mwanzoni mwombe MC apige kofi moja mbele ya maiki. Nyumbani utaliona kofi hilo kama mlima mwembamba kwenye rekodi zote mbili, utayalinganisha, kisha utaingiza sauti ya watu kidogo sana chini ya muziki. Vifaa viwili vinaweza kuachana taratibu kadiri saa zinavyokwenda, kwa hiyo rekebisha tena kila baada ya nusu saa.

Asubuhi, kabla ya kulala, nakili mafaili sehemu mbili tofauti, kompyuta na flashi. Sikiliza dakika ya kwanza, sehemu ya katikati, na dakika tano za mwisho, ambazo ndizo zinazokatika betri zikiisha. Halafu weka hedifoni pembeni, icheze tena kwenye spika moja ya simu, na usiisafishe kadi mpaka umemsikia MC anataja majina.